Uzi: Mwanachama wa klabu ya huduma akifariki, tumkumbuke vipi kwa usahihi bila kuiacha kazi yake isimame?

MtunzaMihutasari

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa makatibu, marais wa klabu na yeyote anayekabidhiwa jukumu la kuandaa kumbukumbu ya mwanachama aliyefariki, iwe Rotary, Lions, Kiwanis au kikundi cha kujitolea kisicho na makao makuu popote. Nazungumzia hasa yule mwanachama aliyejitoa kwelikweli: anafika wa kwanza kufungua ukumbi, anaondoka wa mwisho baada ya kuhesabu viti, na jina lake ni nadra kuonekana kwenye picha kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamera.

Mara nyingi klabu humwandalia dakika moja ya ukimya, shada la maua na wasifu uliojaa "mchapakazi, mcheshi, mpenda watu". Miezi mitatu baadaye hakuna anayejua viti vya magurudumu vilivyoazimwa viko kwa nani. Naona hilo ni kumkosea heshima mara mbili. Kwanza hatukusema alichofanya, pili tumekiacha kife. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina maswali mawili: alifanya nini hasa, na nani anaendelea nacho.

Siku za mwanzo. Teueni mtu mmoja tu wa kuwasiliana na familia. Si kamati, mtu mmoja, tena awe anayefahamika nyumbani kwa marehemu. Klabu msitangaze chochote kwenye kundi la simu wala ukurasa wa klabu mpaka familia iwe imewaarifu watu wake na kuridhia. Jamaa aliye mbali kusoma habari ya msiba kwenye ukurasa wa klabu kabla ya kupigiwa simu na nyumbani ni jeraha lisilofutika kwa kuomba radhi.

Huyo mwakilishi aulize mambo machache kwa upole na kuyaandika: majina kamili kwa tahajia ya familia, jina alilopenda kuitwa, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, picha ambayo familia inaridhia, utaratibu wa dini yao, na kama wanapenda klabu ishiriki kwa namna yoyote. Hili la mwisho liulizwe wazi: wanachama wavae vizibao vya klabu au nguo za kawaida? Bendera ya klabu iletwe au isiletwe? Beji yake azikwe nayo, ibaki kwa familia, au irudi klabu? Kuna familia zinazofurahia kuona vizibao arobaini vimejipanga, na kuna zinazoona klabu imeteka msiba wao. Huwezi kujua mpaka uulize.

Rambirambi ya kwanza iwe fupi: jina, uanachama wake, sentensi moja ya kazi aliyoifanya, pole kwa familia, na ahadi kwamba taarifa nyingine zitafuata. Msiandike chanzo cha kifo hata kama kila mtu anakijua.

Sehemu ya kukusanya ukweli nitaiweka kwenye bandiko linalofuata, maana ndiyo inayokosewa zaidi.

MtunzaMihutasari

Naendelea. Wasifu wa mtu aliyejitolea miaka mingi usiandikwe kutoka kichwani. Vyanzo vipo: mihutasari ya vikao, daftari la mahudhurio, ripoti za mweka hazina, mafaili ya miradi, jarida la klabu, na rekodi ya uanachama iliyoko kwenye mfumo wa makao makuu. Anzeni na mihutasari. Tafuteni jina lake mwaka kwa mwaka, na kila linapotokea andikeni tarehe, alichokabidhiwa, na kama kikao kilichofuata kinaonyesha kilifanyika. Hapo mtaona tofauti kati ya aliyeteuliwa kwenye kamati na aliyefanya kazi ya kamati.

Makosa ya tarehe ni ya kawaida, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka wa utumishi wa Rotary na wa Lions huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Ule wa Kiwanis huanza 1 Oktoba. Kwa hiyo "alikuwa rais mwaka 2014" inaweza kuwa 2013–14 au 2014–15, na ndani ya chumba kutakuwa na mtu aliyekuwa rais mwaka huo mwingine. Andikeni miaka miwili daima.

Kosa la pili linahusu wanawake. Rotary ilifungua uanachama kwa wanawake duniani kote mwaka 1989, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kutoa uamuzi tarehe 4 Mei 1987 katika shauri la klabu ya Duarte, California, iliyokuwa imewapokea wanawake na kunyang'anywa hati yake. Lions na Kiwanis ziliwafungulia mlango mwaka 1987. Kwa hiyo mkikuta wasifu unaosema mama fulani alikuwa mwanachama wa Rotary tangu 1975, simameni. Huenda alikuwa Inner Wheel, chama cha wanawake, hasa wake wa wanachama wa Rotary, kilichoanza Manchester mwaka 1924, au alikuwa akifanya kazi bega kwa bega na klabu ya mumewe bila kuandikishwa. Ikiwa ni hivyo, semeni hivyo. Aliyetumikia miaka 14 bila beji anastahili miaka hiyo itajwe kama ilivyokuwa, isigeuzwe uanachama ambao haukuwepo.

La tatu ni vyeo. Rais wa klabu, rais mteule, rais aliyepita, gavana wa wilaya (yaani kundi la klabu za eneo moja), gavana msaidizi, mwenyekiti wa kamati ya wilaya: vyeo hivi ni tofauti, na wenyewe wanajuana. Asiyekuwa na cheo chochote asitafutiwe. "Hakuwahi kugombea uongozi, alishika ghala la vifaa kwa miaka tisa" ni sentensi yenye uzito kuliko cheo cha kubuni.

Hazina wa Klabu

Mkuu, umegusa panapouma. Naongeza upande wa fedha na mamlaka, kwa sababu marehemu wengi wa aina hii walikuwa pia watia saini wa akaunti.

Kama akaunti inahitaji saini mbili na waliosajiliwa ni wawili au watatu, kifo cha mmoja kinaweza kuizuia kabisa. Utaratibu wa kawaida ni huu: kikao cha uongozi kikae, kipitishe azimio la kumwondoa marehemu na kumwingiza mwingine, na azimio liandikwe kwenye muhtasari kwa majina kamili na nambari ya akaunti. Nakala isainiwe na rais na katibu, kisha ipelekwe benki pamoja na nakala ya cheti cha kifo na vitambulisho vya watia saini wapya. Panapokwama ni hapa: muhtasari unasema "tumekubaliana kubadilisha saini" bila kutaja majina wala akaunti, benki inaurudisha, na kikao kijacho ni mwezi unaofuata. Wakati huo mradi umesimama na mgonjwa anasubiri miwani.

Hundi zilizosainiwa mapema na marehemu zifutwe, zisitumike. Hata kama nia ni njema na malipo ni halali, kutumia saini ya mtu baada ya kifo chake ni kumweka marehemu na klabu mahali pabaya.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii: laini ya simu inayopokea michango ya klabu ikiwa imesajiliwa kwa jina lake binafsi. Kisheria salio hilo linaonekana ni lake, yaani sehemu ya mirathi. Mwakilishi wa familia aonyeshwe kumbukumbu za michango kwa ustaarabu, na fedha zitoke kwa utaratibu wa kampuni ya simu na wasimamizi wa mirathi. Mtu anayeijua namba ya siri asizitoe usiku ule. Hata akizipeleka zote kwenye akaunti ya klabu, muamala uliofanyika baada ya kifo utabaki kwenye taarifa na utaleta maswali.

Na ada. Rotary na Lions huzitoza klabu ada za kimataifa mara mbili kwa mwaka, Julai na Januari, kwa kuangalia orodha ya wanachama. Katibu akichelewa kurekodi kifo mpaka tarehe 1 Julai au 1 Januari ipite, klabu itatozwa ada ya marehemu. Kubwa kuliko ada ni kwamba jarida na barua za makao makuu zitaendelea kuja nyumbani kwa jina lake.

Chipukizi_Leo

Shikamooni wakubwa. Nina swali. Klabu nyingine humpa marehemu hadhi ya Paul Harris Fellow au Melvin Jones Fellow. Je, hii ni tuzo anayopigiwa kura, au inanunuliwa? Na inafaa kumpa mtu aliyekwisha kufariki?

Mwana-Wilaya

Marahaba. Swali zuri, na jibu lake lina historia inayohusu uzi wenyewe.

Paul Harris, aliyeanzisha Rotary na wenzake watatu Chicago tarehe 23 Februari 1905, alifariki 27 Januari 1947. Alikuwa ameeleza kwamba badala ya maua angependa watu wachangie Mfuko wa Rotary. Mfuko huo ulikuwepo tangu wazo la Arch Klumph, rais wa Rotary wakati huo, la mwaka 1917, na mchango wake wa kwanza, dola 26.50 za Marekani, ulitoka klabu ya Kansas City. Kwa miaka thelathini ulibaki mdogo. Baada ya kifo cha Harris michango ilimiminika kutoka klabu za nchi nyingi, na katika mwaka wa 1947–48 wanafunzi 18 walipelekwa kusoma nje ya nchi zao kwa ufadhili wa kumbukumbu yake. Huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote katika harakati hizi. Rambirambi ziligeuka ada za masomo mwaka uleule, zikiwa na kazi mahususi na watu mahususi waliofaidika.

Utambuzi wa Paul Harris Fellow ulianza 1957. Hautokani na kura. Ni shukrani ya Mfuko kwa mchango wa dola 1,000 za Marekani uliotolewa na mtu, au uliotolewa na wengine kwa jina lake. Mchango huo uende kwenye Mfuko wa Mwaka, PolioPlus (mpango wa Rotary wa kutokomeza polio), au mradi wa ruzuku ulioidhinishwa. Anayetajwa si lazima awe mwanachama. Melvin Jones Fellow wa Lions ni wa namna hiyohiyo: ulianza 1973, dola 1,000 kwa mfuko wa kimataifa wa Lions, ukiwa na jina la Melvin Jones aliyeziunganisha klabu kule Chicago mwaka 1917.

Kumpa marehemu inafaa kabisa, ila semeni ukweli mnapokabidhi: "Klabu imechangia kiasi hiki kwa jina lake, na fedha zimekwenda kwenye kazi hii." Msiseme "ametunukiwa na makao makuu kwa utumishi wake", kwa sababu si hivyo, na wanaojua watasikitika. Angalieni pia rekodi kabla ya kuagiza. Inawezekana tayari alikuwa nao kimyakimya, na hapo mchango mpya unaongeza ngazi badala ya kuanza upya.

Chagueni fungu la fedha linalofanana naye. Aliyezunguka na matone ya chanjo mlango kwa mlango, mchango wake uende PolioPlus. Aliyeshughulika na macho maisha yake yote, uende kwenye miradi ya macho.

Mwandishi wa Wasifu

Wakuu, ruhusuni niongeze kuhusu kuandika na kusoma wasifu wenyewe, kwa sababu hapa ndipo mtu mzima hugeuzwa orodha.

Muda kwanza. Kwa usomaji wa utulivu mbele ya watu wenye huzuni, maneno 450 hadi 500 ya Kiswahili ni takriban dakika tano. Zaidi ya hapo watu huanza kuangalia saa, na familia inaona. Someni kwa sauti mara mbili mkiwa na saa mkononi. Jina lililo gumu kutamka mliandike kwa silabi pembeni.

Chagueni kazi tatu, zisizidi. Kwa kila moja semeni tatizo lilikuwa nini, yeye alifanya nini kwa mikono yake, na kimebadilika nini. Linganisheni sentensi hizi mbili:

"Alikuwa mstari wa mbele katika masuala ya maji."

"Tangi la shule lilipokuwa likijaa matope kila msimu, alisisitiza mfereji wa mapaa uwekewe kifaa cha kumwaga maji ya mvua ya kwanza, akakaa na fundi mpaka kikafungwa, kisha akawafundisha wanafunzi wawili kila mwaka namna ya kukifungua na kukisafisha."

Ya pili inamwonyesha mtu, na pia inamwambia msikilizaji kazi ya kuendeleza ni ipi: nani atawafundisha wanafunzi wawili wa mwaka huu?

Mkitaka kutaja saa za kujitolea, zitokane na hesabu inayoweza kuonyeshwa. Kambi za macho 4 kwa mwaka, saa 6 kila kambi, kwa miaka 11 daftari la mahudhurio linapoonyesha alikuwepo, ni saa 264. Kambi asizosaini msizihesabu. Kisha semeni "zaidi ya saa 260 kwenye kambi za macho peke yake". Namba kubwa za kukisia, "maelfu ya saa", hazimwongezei kitu, na zinazifanya namba za kweli zitiliwe shaka.

Mkiwahoji waliofanya naye kazi, swali la "alikuwa mtu wa namna gani?" huleta majibu yaleyale kwa kila marehemu. Ulizeni: "Ni kazi gani imekwama wiki hii kwa sababu hayupo?" na "Alikuwa akisisitiza nini ambacho wengine walikiona kidogo?" Swali la pili ndilo linalotoa dhahabu. Mtapata kwamba alikataa kugawa miwani bila kipimo, au alidai kila mgeni wa kambi apewe kiti kabla ya hotuba kuanza.

Mambo ya kuacha nje: majina ya waliosaidiwa bila ridhaa yao, picha za wagonjwa na watoto, misaada aliyotoa kwa siri (alitaka iwe siri, iache iwe siri), na mgogoro wowote wa klabu. Nakala ya wasifu ipelekwe kwa familia kabla ya kusomwa, si kama taarifa bali waikosoe. Familia hurekebisha mambo ambayo klabu haikuyajua, mfano shule aliyosoma, au jina la mji lililoandikwa vibaya kwa miaka.

Mpiga Chapa

Upande wa picha na uchapaji, maana haya huharibika dakika za mwisho.

Picha iliyopitia kwenye kundi la simu imeshabanwa na kupoteza ubora. Mwombeni mwenye picha aitume kama waraka, au aitoe moja kwa moja kwenye simu iliyoipiga. Kwa picha ya kuweka mbele ya ukumbi yenye sentimita 20 kwa 25, mnahitaji takriban pikseli 2,400 kwa 3,000. Ikiwa na 900 kwa 1,200, chapeni ndogo iliyo safi. Kubwa itakuwa na ukungu. Picha ya zamani ya karatasi iskaniwe kwa dpi 600 (nukta kwa inchi) kama ni ndogo, na itolewe kwenye fremu kwanza. Ikiwa imegandamana na kioo msiibandue kwa nguvu, iskanini na kioo chake.

Kijitabu cha ratiba: karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5. Kwa hiyo kurasa lazima ziwe 4, 8 au 12. Ukiwa na kurasa 6 utabaki na mbili tupu, ndipo mtu anajaza picha za haraka zisizokaguliwa. Bora mpange 4 tu: picha na tarehe, ratiba, wasifu mfupi, shukrani ya familia.

Nembo. Gurudumu la Rotary lina meno 24, mikono 6 na mfereji wa ufunguo (mkato mdogo) kwenye kitovu. Wachongaji wanaonakili picha mbovu huacha huo mfereji au hukosea idadi ya meno. Nembo ya Lions ina vichwa viwili vya simba vinavyotazama pande tofauti, na wengine hupindua kimoja. Chukueni faili kutoka tovuti ya shirika lenyewe, msibadili rangi wala kuibana iwe yai, na jina la klabu liwe pamoja nayo.

Chipukizi_Leo

Asanteni sana. Sasa, baada ya ibada klabu nyingi husema "tutaanzisha tuzo kwa jina lake" au "tutapanda mti". Vipi vidumu?

Hazina wa Klabu

Kijana, hili nitalijibu kwa hesabu. Mfuko wa kudumu unaotumia asilimia 4 kila mwaka, ukiwa na 10,000 za fedha yoyote ile, unatoa 400. Kama ada ya mwanafunzi mmoja ni 700, mfuko huo hauwezi. Utakula mtaji mwaka hadi mwaka na mwishowe utakwisha, na jina la marehemu litakwisha nao hadharani. Ili kutoa 700 kwa asilimia 4 unahitaji 17,500, na hapo sijagusa mfumuko wa bei. Kama fedha hazifiki, semeni tangu mwanzo kwamba ni ufadhili wa miaka mitatu, ugaweni, na ufungwe kwa heshima. Kitu chenye mwisho uliopangwa ni bora kuliko cha milele kilichotelekezwa.

Tuzo nayo iwe na ukurasa mmoja wa masharti uliopitishwa na kikao: inatolewa kwa kazi gani, nani anachagua, mwezi gani, fedha ni za fungu lipi, na ipitiwe upya baada ya miaka 5. Kinachoua tuzo nyingi ni sharti la jumla kama "mwanachama bora". Baada ya miaka miwili inakwenda kwa rais anayemaliza muda, na haina uhusiano tena na yule aliyeshika ghala. Kama alikuwa wa ghala, tuzo iwe ya anayefanya kazi isiyoonekana, na iandikwe wazi kwamba viongozi walioko madarakani hawastahili.

Fundi Vibao

Mti: msiupande siku ya kumbukumbu kwa sababu tu ndiyo siku ya kumbukumbu. Pandeni mwanzo wa mvua, hata kama ni miezi minne mbele. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu utengwe na wa chini, wa juu uchanganywe na mbolea iliyooza na urudishwe kwanza kuzunguka mizizi. Shingo ya mche isizikwe, maana shina likifukiwa huoza. Ufito wa kuushikilia mche ukae upande upepo unakotokea, ufungwe kwa kamba laini isiyobana, na uondolewe mche ukishasimama wenyewe. Kiangazi cha kwanza umwagiliwe maji ya kutosha kulowesha shimo zima, mara chache kwa wingi, si kijiko kila siku. Kibao kiwe kwenye kigingi pembeni, kisipigiliwe msumari kwenye shina. Na jina la mwenye kumwagilia liandikwe kwenye muhtasari. Mti wa kumbukumbu uliokauka na kibao chake kikiwa kimesimama ni jambo la kusikitisha kuliko kutopanda.

Kibao cha ukuta: maneno 25 hadi 40 yanatosha. Jina, miaka, kazi moja, na klabu. Kwa msomaji aliyesimama mita moja, herufi za milimita 8 zinasomeka vizuri. Mita tatu, zifike milimita 25. Kama kiko nje, herufi zichongwe ndani ya chuma au jiwe. Stika hupauka juani na kubanduka pembeni. Shaba ni nzuri lakini hugeuka rangi na huhitaji kung'arishwa, na isifungwe kwa skrubu za chuma cha kawaida: metali mbili tofauti zikipata unyevu, moja hulika, na mistari ya kutu itateremka juu ya jina. Tumieni skrubu za metali ileile. Mwenye jengo atoe ruhusa kwa maandishi, ikiwemo kitakachofanyika jengo likipakwa rangi au kubomolewa.

Kabla ya kuchonga, familia isome maandishi na kusaini karatasi. Jiwe halifutiki.

Mwandishi wa Wasifu

Napenda niweke tofauti kidogo na mkuu Fundi. Kwa mtu aliyejitolea, kibao kifungwe kwenye kitu kinachotumika: pampu ya kisima, kabati la vitabu, ghala la vifaa. Ukuta wa ukumbi uwe chaguo la mwisho. Kitu kinachotumika kina wa kukikarabati, na kila anayekitumia anasoma jina.

Fundi Vibao

Nakubali, ila kwa sharti moja. Kwenye pampu, kibao kisikae juu ya kifuniko kinachofunguliwa wakati wa matengenezo, maana fundi atakitoa na hakitarudi. Kiwekwe kwenye zege la msingi.

MtunzaMihutasari

Wakuu mmenisaidia sana. Nimalizie upande wa makabidhiano, ambao ndio nusu ya uzi huu.

Chukueni karatasi, andikeni kila kitu kilichopita mikononi mwake: funguo (ngapi, za mlango gani), leja ya vifaa vilivyoazimwa, usimamizi wa ukurasa wa klabu mtandaoni, barua pepe ya klabu, jina la tovuti na tarehe ya kulipia, mawasiliano ya wauguzi na mafundi, nyaraka za miradi ambayo bado haijafungwa. Mbele ya kila kimoja kuwe na jina la anayekipokea na tarehe. Pasipo na jina, kazi hiyo imekufa, na mkubali hivyo au mtafute mtu.

Vitu vilivyoko nyumbani kwake visidaiwe wiki ya msiba, isipokuwa kile ambacho mtu anakihitaji kwa afya, kama mashine ya oksijeni ya klabu. Baada ya hapo mwakilishi yuleyule aende na orodha ya maandishi, vitu vihesabiwe pamoja na mwanafamilia, na pande zote mbili zisaini. Simu na kompyuta yake ni mali ya familia. Ombeni mafaili ya klabu tu, na mwanafamilia ndiye afungue. Neno la siri la ukurasa likibadilishwa, msifute mabandiko yake.

Kwa leja ya viti vya magurudumu na magongo, pigieni simu kila aliyeandikwa. Msianze na "rudisha". Anzeni kwa kuuliza kama kifaa bado kinamfaa na kama kina ubovu. Wengi hawatakuwa wamesikia kwamba amefariki, kwa hiyo anayepiga awe tayari kutoa habari hiyo kwa utulivu na kusikiliza. Maneno watakayoyasema yaandikeni, na kwa ridhaa yao yapelekeni kwa familia. Hayo ndiyo mara nyingi familia haikuwahi kuyajua.

Picha na nyaraka zake zihifadhiwe nakala tatu mahali tofauti, moja ikiwa nje ya jengo la klabu. Majina ya mafaili yaanze na tarehe, kwa mfano 2016-03-12_kambi-ya-macho_01, yatajipanga yenyewe. Nyuma ya picha za karatasi andikeni majina kwa penseli laini, kalamu ya wino hupenya na kuchafua. Fanyeni hili wakati waliokuwepo wangali wanawatambua waliomo.

Chipukizi_Leo

Swali la mwisho, mzee. Kama hakuna mtu mmoja anayeweza kubeba yote aliyokuwa akifanya?

MtunzaMihutasari

Hilo ndilo la kawaida, mwanangu. Igaweni kazi kwa kipimo cha muda halisi. Ghala pekee linaweza kuwa saa mbili kila Jumamosi, leja nusu saa kwa wiki, simu za ufuatiliaji saa moja kwa mwezi. Tangazeni kila kipande na saa zake, kwa miezi sita ya majaribio. Mtu anayeogopa kuambiwa "chukua nafasi ya marehemu" atakubali "leja, nusu saa kwa wiki, mpaka Desemba". Wawili wawili kwa kila kipande ni bora, mmoja akisafiri funguo zinabaki. Katika kikao cha kumaliza miezi hiyo sita, kila mmoja aeleze kilichofanyika na kilichomshinda. Kipande kitakachokosa mtu, kipelekwe kwa klabu jirani au shirika linalofanya kazi hiyo, pamoja na leja kamili, na waliokuwa wakihudumiwa waambiwe mapema waende wapi.

Mwenye fomu nzuri ya makabidhiano aiweke hapa, niiunganishe kwenye bandiko la kwanza.